Nimesikia Ulinyanyua Mkono

Mkomani,
Jumapili, baada ya Isha

Kwa mwanangu, mtoto wa ndugu yangu,



Sisi huku hatujambo. Mamako kifua kimempungua, dawa anakunywa akikumbushwa. Dadako amerudi kwa mumewe, wazee wamewapatanisha, yamekwisha. Mabati ya upande wa jikoni tumeyapigilia tena misumari kabla kusi haijazidi.

Nimeona nikuandikie kwa mkono, nimpe mdogo wako akuletee mwenyewe hapo sokoni Kongowea, maana simu yako naambiwa inazunguka maskani nzima. Sauti niliyokutumia wakati wa Ramadhani ilisikilizwa na watu wote barazani. Hii isome peke yako, ukishamaliza kushusha magunia, mahali ambapo hakuna atakayekuuliza unasoma nini.

Nimesikia ulinyanyua mkono.

Sikusikia kwa mtu mmoja. Nimesikia kwa muuza maji, nimesikia kisimani kwa kina mama, na jana nikasikia kwa mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Nasikia mheshimiwa aliwaletea vijana wa maskani pesa za kununua pikipiki. Nasikia yule rafiki yako, uliyesoma naye chuoni kwa maalim mmoja, aliyekuwa akila chakula cha mchana hapa kwetu hata nikawa nampimia sahani yake bila kuuliza kama yupo, alisimama mbele ya watu akauliza pesa zilizoletwa ni kiasi gani na nani anayezishika. Hakumwita mtu mwizi. Aliuliza. Keshoye mwenyekiti wenu akaitisha kikao, akasema kijana huyo ametumwa na upande wa pili, na anayekubali atolewe anyanyue mkono. Mikono yote ikanyanyuka, na wako ukiwamo. Sasa steji haruhusiwi kuegesha pikipiki yake, na asubuhi anapita nyuma ya nyumba ili asipite mbele yenu.

Labda si kweli. Namwomba Mungu isiwe kweli. Lakini Ijumaa ulipokuja kunijulia hali nilikutajia jina lake, ukatoa simu mfukoni ukaanza kuiangalia, na mimi nimekulea.

Usidhani nakuandikia kwa sababu sipendi vikundi. Mtu wa Mombasa akichukia vikundi ataishi na nani? Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Banu Saada, siku ambazo kina mama wa mji huu walikuwa wamegawanyika, hawa Banu Saada na wale Ibinaal Watan, wakishindana kwa lelemama, kwa mavazi na kwa karamu. Aliuza vikuku vyake mwaka mmoja ili upande wao usiaibike, na mpaka anazeeka akisimulia habari hiyo uso wake ulikuwa ukikunjuka. Na chama chetu cha kina mama hapa Mkomani ndicho kilichonunua sanda na kupika siku tuliyomzika mume wangu, hata mimi sikujua nani kaleta mchele na nani kaleta kuni. Najua utamu wa kuwa na watu.

Tena najua kwa nini unaipenda ile maskani. Ulipomaliza kidato cha nne ukazunguka na vyeti vyako kutoka ofisi moja hadi nyingine, waliokupokea jioni ni wao. Ulipolazwa walikuchangia, na mimi niliwaona kwa macho yangu wamesimama nje ya wodi na machungwa mkononi. Watu wa namna hiyo hawaachwi hivi hivi. Sikuambii uwaache. Nakuuliza juu ya mkono.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijapata kukueleza sawasawa, kwa kuwa marehemu mume wangu hakupenda lisemwe akiwa hai. Mwaka 1997 nilikuwa nimeolewa Likoni, kule Shika Adabu. Mume wangu alikuwa Mdigo, na watu wake ni watu wa heshima, nisingependa umsikie mtu akiwasema vibaya kwa haya nitakayoyaandika, maana wengi wao hawakutoka majumbani mwao. Katika nyumba ile alikuwamo kijana, mtoto wa shemeji yangu, mpole, hodari wa mpira, akinitekea maji bila kuagizwa. Naye alikuwa na maskani yake, chini ya mwembe uliokuwa mbele ya nyumba, na mimi hapo pembeni ndipo nilipokuwa na karai langu la viazi jioni. Kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yao tangu mwanzo.

Yalianza kwa haki. Hili ulishike, kwa sababu watu wakisimulia habari za Kaya Bombo, ule msitu wa kula kiapo, huzisimulia kama kwamba wale vijana walizaliwa na mapanga mkononi. Walikuwa wakiuliza kwa nini bandari iko kwao na kazi za bandari hawazioni. Walikuwa wakiuliza vipi mtu anazaliwa juu ya shamba la babu yake, halafu anaambiwa hati ya shamba iko kwa mtu asiyemjua hata kwa sura. Maswali hayo yalikuwa ya kweli. Wale wa Baraza la Republican la Mombasa waliosema Pwani si Kenya, serikali ikawapiga marufuku 2010 na Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo 2012, maswali yao yalikuwa hayo hayo, na hayajajibiwa. Mimi nikigeuza viazi vyangu nilikuwa nikiitikia moyoni.

Kisha maneno yakageuka, taratibu, huwezi kusema ni siku gani. Yalitoka bandarini yakaja kwa jirani. Katika vyumba vya nyuma tulikuwa na mpangaji, mama wa Kikamba aliyekuwa akiuza mboga karibu na feri, na mtoto wake mdogo. Mara yeye ndiye aliyechukua kazi za bandari, mwanamke ambaye lango la bandari hajawahi kulivuka. Vikaja vikaratasi vya kuwaambia watu wa bara warudi kwao. Wakaja watu wakubwa wenye magari, wakasema uchaguzi umekaribia, majimbo yanakuja, na wabara wakiondoka vijana watapata kazi na mashamba. Kisha vijana wakaanza kutoweka usiku kwenda msituni kula kiapo. Wakavishwa hirizi, wakaambiwa risasi haitawapata.

Lakini kabla haijafika huko, jioni moja pale chini ya mwembe, fundi mmoja wa baiskeli aliuliza swali. Alikuwa kijana mfupi, si msemaji. Aliuliza hivi: hawa wakubwa wanaotwambia haya, watoto wao wamo katika sisi? Nilikuwa nimeinamia karai, nikainua kichwa, maana lilikuwa ndilo swali lenyewe. Maskani ikanyamaza. Kisha mmoja akacheka, akamwambia aende akasuke nywele na wanawake wenzake, na wote wakacheka, na mtoto wa shemeji yangu akacheka pamoja nao. Keshoye fundi alipokuja hakuna aliyesogea akampa nafasi kwenye gogo. Wakasema ni mtu wa polisi. Hawakumgusa, walimnyima salamu tu, na baada ya siku chache hakuonekana tena.

Usiku wa tarehe 13 Agosti wakavamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kituo kidogo cha feri. Polisi sita waliuawa, bunduki zikachukuliwa, vibanda vya watu wa bara vikatiwa moto. Asubuhi yake nilimvisha yule mama wa Kikamba buibui langu, nikambeba mwanawe mimi, tukatembea mpaka kanisa Katoliki la Likoni walikokuwa wamekimbilia watu wengi. Njiani tulipishana na vijana niliowajua kwa majina, nami nikawaamkia kwa sauti kubwa, nikawauliza hali za mama zao mmoja mmoja, ili wanitazame mimi wasimtazame yeye. Mashemeji zangu walininunia kwa jambo hilo siku nyingi. Ningelifanya tena kesho.

Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia waliuawa, na wapatao laki moja wakahama makwao. Mwezi wa Desemba uchaguzi ukafanyika. Wale wenye magari hatukuwaona tena chini ya mwembe, wala hatukuona kazi, wala shamba. Serikali iliunda Tume ya Akiwumi mwaka 1998, mashahidi wakasema waliyoyasema, na ripoti ikafungiwa mpaka 2002 ndipo ikatolewa watu waisome.

Kijana wetu alirudi usiku, baada ya miezi, hirizi bado shingoni na mkono wa kushoto usionyooka. Hajawahi kuniambia alifanya nini na mimi sikumuuliza, nilimwosha nikampa uji. Ila jambo moja nilimuuliza, baada ya siku nyingi. Nikamwambia, siku ile fundi alipouliza, wewe ulifikiri nini? Alikaa kimya sana. Akaniambia: “Mama, swali lile nilikuwa nalo mimi pia. Nilikuwa nikilala nalo. Lakini nilipowaona wote wanacheka, nikasema basi ni mimi tu nisiyeelewa.” Na miaka ilipopita, alipokuwa akikutana na wenziwe waliosalimika, mmoja hapa mmoja pale, waliambiana. Karibu kila mmoja alikuwa nalo. Kila mmoja alicheka kwa kuwa aliye pembeni yake amecheka. Mwanangu, walikwenda msituni wakala kiapo, na wengi wao walitaka kurudi nyumbani, kila mtu akingoja mwenzake aseme kwanza.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi tangu niliposikia habari za kikao chenu. Nakujua una akili ya kuona kwamba swali la rafiki yako ni halali. Pesa ikiwa ya vijana wote, kijana akiuliza kiasi chake amekosa nini? Uliliona hilo, na mkono ukanyanyuka. Sasa fikiri nyuma yako alikuwa nani. Wapo watoto pale maskani waliomaliza shule juzi, wanaokuita bro, wanaokutazama wewe kwa kuwa umesoma na kwa kuwa huropoki. Huenda mmoja wao alikuwa na mkono wake mapajani, hajui afanye nini, akatazama wako. Wewe ulikuwa ukiwatazama wenzako, naye alikuwa akikutazama wewe.

Utasema shangazi anakuza mambo, hizi ni pesa za pikipiki tu. Na chini ya mwembe yalikuwa maneno tu. Kikundi kisichoweza kuvumilia kuulizwa habari za pikipiki, siku kitakapoletewa jambo zito mtu atauliza nini, na atauliza nani, wakati aliyeuliza mara ya kwanza mmeshamtoa? Uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Aliyewapa pikipiki anajua majina yenu na anajua mkutano wenu uko wapi. Na hapa jirani Kisauni hatuhitaji kuvuka feri kutafuta mifano. Wale waliojiita Wakali Kwanza, na Wakali Wao, waliowafanya watu kufunga milango kabla ya Magharibi kwa kuogopa mapanga, wengine wao walikuwa na umri wa kukaa darasani. Kila mmoja wao alikuwa na mama. Sidhani kuna aliyeamka siku moja akaamua peke yake kumkata mpita njia.

Kimya chako najua kilikotoka, na hapa nitasema, ukasirike usikasirike. Shamba letu la Utange, lile la minazi, aliloacha babu yako, liliuzwa na ndugu zangu. Walikaa kikao bila mimi, wakaniletea karatasi nitie kidole, wakasema wote wamekubali. Nikamgeukia babako, Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akiipanda ile minazi tangu mdogo, nikamuuliza: wewe umekubali? Akanijibu: “Wenzangu wamekubali.” Sikutia kidole. Wakaliuza vivyo hivyo. Leo pana nyumba za ghorofa za watu, na nyinyi watoto wa ukoo ule mnalipa kodi ya chumba. Fungu langu lilikwenda wapi mpaka leo sijaambiwa, na ami yako mkubwa akija hapa huzungumza kila jambo ila hilo. Babako alijua kuwa si sawa. Aliniambia mwenyewe kabla hajafa, tumekaa hapa hapa ukumbini. Mtu mwema kuliko wote nyumbani mwetu, na siku moja aliyohitajiwa kusema, alisema habari za wenzake.

Labda unaogopa ukiwapinga utabaki peke yako. Mji huu una watu wa kukujibu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah 1932, aliokuwa akiwasema si Waingereza peke yao. Aliwasema watu wake, Waislamu wa Mombasa, kwa kupuuza elimu na kwa mambo waliyoyatia katika dini kwa mazoea. Wapo waliomchukia kwa hilo. Yeye hakuhama mji wala hakuacha kuswali nao, na alipofariki 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na Abdilatif Abdalla, mtoto wa Kuze, alikuwa na miaka 22 tu alipoandika “Kenya: Twendapi?” mwaka 1968, wakati wagombea wa chama cha upinzani cha KPU walipozuiwa wote wasishiriki uchaguzi wa mabaraza. Alifungwa miaka mitatu, muda mwingi peke yake chumbani, akaandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za choo. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani alipofungwa. Naye alikuwa na chama, alikuwa mtu wa KPU, hakuwa mtu wa kukaa peke yake pangoni. Swali lile lakini aliliandika kwa mkono wake.

Nawe sikutumi jela. Ninalotaka ni dogo mno kulinganisha na hayo.

Nenda kwa rafiki yako. Nenda mchana, upite mbele ya maskani, watu wakuone unaingia kwao. Ukienda usiku atajua unamwonea haya, na hilo litamuuma kuliko ule mkono. Usimpe maelezo marefu. Kaa, unywe chai ya mamake, umwambie ulifanya vibaya. Kisha kikao kijacho useme mbele ya wote kwamba mkono wako umeurudisha, na kwamba swali lake sasa ni lako: pesa kiasi gani, nani anazishika? Sema kwa adabu. Mwenyekiti wenu usimtukane, mamake namjua, tumekaa naye chama kimoja, na yule kijana si mbaya, amezoea tu kuitikiwa. Nina hakika ukisema, wa pili atasema, na huenda wa tatu. Nimekueleza niliyoyasikia Likoni ili ujue kwa nini nina hakika.

Na wakikutoa? Basi watakuwa wamekutoa. Uchungu wake siufichi, utapita hapo Kengeleni watu wakigeuza nyuso, na jioni zitakuwa ndefu. Chumba cha uani kiko wazi, kodi hutalipa. Zamu yangu ya chama ni mwezi ujao na sina mipango nayo. Kazi ya Kongowea si ya maskani, waliokupa ni wenye maduka, na tajiri wako anakusifu kwa uaminifu, aliniambia mwenyewe.

Kitambulisho chako usimwachie mtu, wala nakala yake, hata akisema ni ya kuandikisha pikipiki. Deni la dukani kwa Mzee lipe kabla ya mwisho wa mwezi, ananiuliza mimi. Muguka nilishakwambia. Mamako mpigie wewe, usingoje akupigie.

Fundi wa baiskeli, ukitaka kujua, yuko hai. Alihamia Ukunda, ana duka la vipuri na wajukuu. Mtoto wa shemeji yangu huenda kumtembelea siku za Idi, kila mwaka, na mara ya kwanza alipokwenda alirudi akaniambia kuwa fundi alimkaribisha, akamtilia chai, na hakumuuliza lolote. Alisema ingekuwa rahisi kwake kama angetukanwa. Yeye alikwenda baada ya miaka. Rafiki yako bado yuko hapa, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na leo asubuhi nilimwona amekaa mlangoni anaifuta pikipiki isiyo na pa kwenda.

Mdogo wako nimemwambia asirudi bila jibu. Huna haja ya kuandika mengi. Mwambie umekwenda, au utakwenda siku gani.

Wasalaam,
Shangazi yako